Mashine tuliuza, ufundi ulibaki: maneno yetu kwa vijana wa Kalima

 

Tunaomba hili jiwe lipite mkono kwa mkono wakati tunaongea. Liangalieni vizuri, lirudi tu. Ni kwatzi, lile jiwe jeupe ambalo kila mchimbaji wa hapa analijua kwa sababu analitupa. Anavunja kwatzi ili apate kasiterite, kisha kwatzi inabaki kwenye lundo na mvua inainyeshea. Hili lilitoka kwenye lundo. Sasa liko na nyuso nyingi ndogo, na ukiligeuza kwenye jua linakurudishia mwanga machoni. Lilikatwa hapa Kalima, na mashine iliyotengenezwa hapa Kalima, ndani ya chumba kimoja chenye mabati yanayovuja.

Hatukuja kuwaambia kwamba mawe yatatutajirisha. Tumekuja kuwaelezea vile tulitengeneza ile mashine, mahali tulikosea, na kwa nini siku moja tulikubali kuiuza. Mwenye kusikia mpaka mwisho ataelewa kwa nini jambo hili linagusa muji wote.

Sisi tuko watano. Wote tulimaliza universite. Mmoja alisoma fizikia, wawili uchumi, mmoja sheria, mmoja kilimo. Tuliandika barua za kuomba kazi mpaka tukajua bei ya fotokopi kila mahali Kindu. Majibu hayakuja. Tulirudi nyumbani na diploma ndani ya plastiki ili zisilowe, na wazazi waliouza mashamba ili tusome wakaanza kunyamaza tukiingia. Hiyo kimya mnaijua.

Kalima ni muji wa bati. Kampuni ya Symétain ilianza 1932 na ndiyo iliujenga huu muji: nyumba za wafanyakazi, barabara, umeme wa maji. Mwaka 1976 makampuni ya bati ya Kivu na Maniema yaliunganishwa yakawa SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka dunia nzima, na kampuni ikaanza kufa polepole. Kuanzia Septemba 2010 mpaka Machi 2011 serikali ilisimamisha uchimbaji wa mikono katika Maniema na Kivu zote mbili, na wengi wetu tuliona vile chakula kilipungua kwenye sahani. Kila mara muamuzi yuko mbali, na kila mara sisi tunabaki na shimo.

Tulikaa tukajiuliza: ni kazi gani inaongeza thamani ya kitu bila kuhitaji kiwanda kikubwa? Yule wa fizikia akasema: kukata mawe. Jiwe likiwa safi, thamani yake inapanda kwa sababu ya nyuso zake, na nyuso zinatokana na pembe. Pembe haiuzwi dukani. Inapimwa.

Mashine ya kukata nyuso ni kitu rahisi kuelezea. Kuna sahani ya chuma inayozunguka imelala, kama sahani ya kupigia muziki wa zamani. Juu yake unaweka diski yenye unga wa almasi. Pembeni kuna nguzo iliyosimama wima, na kwenye nguzo kuna mkono. Mwisho wa mkono kuna kijiti, na jiwe linabandikwa kwenye kijiti kwa nta ngumu. Mkono unashuka kwa pembe unayoitaka, jiwe linagusa diski, uso mmoja unakatika. Kisha unazungusha kijiti kidogo, unakata uso wa pili, na wa tatu. Mashine ya namna hiyo ikitoka Marekani inagharimu maelfu ya dola. Hakuna mtu kati yetu aliyewahi kushika dola elfu moja.

Basi tulitafuta vyuma. Sahani yetu ilikuwa disk ya breki ya lori lililokufa. Mshipi wake wa katikati tuliuweka kwenye rulema mbili za pikipiki. Mwanzo tulikuwa tunazungusha kwa miguu, na pedali ya mashine ya kushona ya mama wa mmoja wetu. Nguzo ilikuwa bomba. Pembe tulizipima kwa rapota ya shule, ile ya plastiki ya watoto. Tulifurahi sana. Tulikata jiwe la kwanza kwa siku nne.

Jiwe hilo lilikuwa linang'aa juu, lakini katikati lilikuwa tupu. Tuliliweka juu ya gazeti, mtoto wa jirani akasoma herufi kupitia ndani yake kama mtu anayesoma kupitia kioo cha dirisha. Tulidhani kwatzi yetu ni mbaya. Kumbe kwatzi haikuwa na kosa lolote.

Yule wa fizikia alichukua karatasi akafanya hesabu mbele yetu. Mwanga ukiingia ndani ya jiwe unashuka mpaka chini, unapiga nyuso za chini. Kama nyuso hizo zina mwinamo wa kutosha, mwanga unarudi juu kwenye jicho lako. Kama zimelala mno, mwanga unapita chini unapotea. Kwa kwatzi mpaka ni karibu digrii 40 na nusu. Sisi tulifikiri tumekata digrii 42. Tulipima tena kwa simu, ile programu ya kupima mwinamo ambayo mafundi wa nyumba wanatumia, tukakuta 38. Rapota ilikuwa imebandikwa vibaya kwenye mkono. Digrii 4 tu, na jiwe zima likafa.

Hapo njo tulianza kuelewa kazi. Kutengeneza mashine ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kuisahihisha, na huwezi kusahihisha kosa ambalo hujalipima.

Kosa la pili lilikuwa kuyumba. Sahani ilikuwa inapanda na kushuka ikizunguka, na jicho halikuona. Hatukuwa na chombo cha fundi cha kupimia. Tulifanya hivi: chukua rimu mpya ya karatasi, karatasi 500, pima unene wake. Ni karibu sentimita 5. Kwa hiyo karatasi moja ni karibu milimita 0.1. Tulisimamisha msumari karibu na ukingo wa sahani, tukazungusha sahani kwa mkono, na kila mahali tukahesabu ni karatasi ngapi zinaingia kati ya msumari na sahani. Mahali pa juu zilipita 2, mahali pa chini zilipita 9. Tofauti ni karatasi 7. Tulitia vipande vidogo vya kopo chini ya sahani, tukakaza, tukapima, tukafungua tena. Wiki mbili. Tukafika tofauti ya karatasi moja, na siku hiyo sauti ya jiwe kwenye diski ilibadilika. Ilikuwa inagonga-gonga, ikaanza kuimba.

Kosa la tatu lilikuwa kugawa duara. Nyuso lazima zilingane, na jicho halitoshi. Mashine za dukani ziko na gurudumu lenye meno 96, kwa sababu 96 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8, 12, 16 na kuendelea. Sisi tuko na nini hapa? Tuko na baisikeli. Fundi mmoja wa baisikeli, mzee ambaye hakumaliza shule ya msingi, alitupatia pinyo ya pedali yenye meno 48. Kwa nyuso 8 unaruka meno 6 kila mara, na inatoka sawa kabisa. Lakini tulipotaka nyuso ndogo kati ya zile kubwa, hesabu ilidai nusu ya jino. Tulikaa hapo siku nyingi sisi wenye diploma. Mzee yule alikuja, akatazama, akasema: wekeni ulimi wa pili, muusogeze nusu ya jino kutoka wa kwanza. Ukishika kwa ulimi wa kwanza uko kwenye jino, ukishika kwa wa pili uko katikati. Meno 48 yakawa 96. Alichukua kofia yake akaenda kuziba tairi.

Wandugu, hapa tunataka tuseme jambo moja kwa ukali. Mwanzoni tulijaribu kusaga kwatzi bila maji, kwa sababu maji yalikuwa yanachafua chumba. Mwenzetu mmoja ndiye alikuwa anasaga zaidi. Alianza kukohoa. Vumbi la kwatzi ni adui: chembe zake ni ndogo mno, zinaingia mpaka chini ya mapafu, zinakaa humo, na mapafu yanakuwa na makovu ambayo hakuna dawa ya kuyaondoa. Wazee waliofanya kazi ya kutoboa miamba wanaijua hiyo kikohozi. Tulisimamisha kila kitu. Tulienda duka la dawa tukanunua mpira wa serumu, ule wenye kigurudumu cha kupunguza matone, tukautundika na chupa ya maji juu ya sahani. Tone moja, tone moja, na vumbi linakuwa tope. Mwenzetu anaendelea vizuri leo, lakini hatujui mapafu yake yalibeba nini. Mwenye kutaka kuiga kazi hii nyumbani: hakuna maji, hakuna kazi. Usituambie utavaa kitambaa puani.

Sasa tufike kwenye kitu kilichotuuma zaidi.

Jiwe likishakatwa na diski za unga mkali, halafu laini, halafu laini zaidi, bado halijang'aa. Ili ling'ae linahitaji sahani ya mwisho. Na moja kati ya sahani nzuri za kung'arishia mawe, ile mafundi wa dunia wanatumia tangu zamani, ni sahani ya bati. Bati yenyewe, chuma. Ni laini, inashika unga wa kung'arisha, haikwaruzi jiwe.

Tulicheka. Sisi watu wa Kalima, tunakosa bati?

Tulizunguka muji wote. Kasiterite ilikuwepo, ndani ya magunia yenye etiketi, tayari kuondoka. Bati haikuwepo. Hata kilo moja. Tulihesabu tunahitaji karibu gramu 400 ili kutengeneza sahani ya upana wa sentimita 15. Mwisho tuliipata wapi? Kwa fundi wa redio. Waya ya kulehemu. Tulisoma karatasi ya rola ili tusichukue ile yenye risasi, kwa sababu risasi ni sumu. Tulinunua rola 4 za gramu 100 za ile isiyo na risasi, zimetoka Asia, zimepita bahari, zimepita mipaka, kila mmoja njiani amepata faida yake. Tuliyeyusha nje kwenye makaa, upepo mgongoni, kwa sababu dawa iliyo ndani ya waya inatoa moshi. Bati inayeyuka kwenye digrii 232 tu. Mama zetu wanakaanga samaki kwenye mafuta yasiyo mbali na hapo.

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Kasiterite safi ni bati kwa karibu sehemu 79 kati ya 100. Maana yake nusu kilo ya kasiterite safi iko na karibu gramu 394 za bati. Nusu kilo hiyo, kwa sababu ni nzito, inaenea kwenye kiganja cha mkono mmoja. Mchimbaji wa hapa anaitoa ndani ya maji baridi na kuiuza kabla haijakauka. Na sisi, mita chache kutoka kwake, tulinunua bati ileile irudi kutoka ng'ambo ikiwa waya. Pengine ilikuwa ya Kalima, pengine ya nchi nyingine. Bati haina kabila. Lakini ile safari yote ya kwenda na kurudi tulilipa sisi.

Hatusemi kila mtu awashe tanuru nyuma ya nyumba. Kutoa bati ndani ya kasiterite kunataka moto mkali kuliko ule wa makaa ya kupikia, na moshi wake ni wa hatari. Tunasema tu: kati ya kiganja cha mchimbaji na rola ya fundi wa redio kuna kazi, na kazi hiyo wanaifanya wengine.

Sahani yetu ya bati ilikwaruza mawe kwa karibu mwezi mzima. Tukalaumu bati, tukalaumu waya, tukalaumiana. Kumbe ni chembe moja ya unga mkali iliyobaki kwenye kucha, au kwenye kitambaa. Tangu hapo kila diski iko na ndoo yake, na mtu anaosha mikono na brashi kabla ya kugusa sahani ya mwisho. Tuliweka pia mota ya feni ya radieta, ya volti 12, inayokula betri na paneli ndogo ya sola, na mkanda kutoka kapi ya sentimita 3 kwenda kapi ya sentimita 12 ili mwendo upungue mara 4. Umeme ukikatika, kazi haikatiki.

Halafu akaja mnunuzi.

Alikuwa fundi wa bijou kutoka Kindu. Hakutaka mawe, alitaka mashine. Bei aliyotaja ingelipa madeni yetu yote, pamoja na pedali ya mama, na ingebaki kidogo. Usiku ule tuligombana kuliko siku zote. Wawili walisema: tukiuza tumekwisha, tutarudi kuwa watu wa kukaa barazani. Wawili walisema: mama anadaiwa kodi ya soko, tunafanya fahari na chuma? Wa tano, yule aliyekohoa, alinyamaza mpaka karibu usiku wa manane. Kisha akauliza: tukianza upya kesho, tungefanya kosa gani lilelile? Tukafikiri. Hatukupata hata moja.

Asubuhi tuliuza.

Mashine ya kwanza ilituchukua miezi 11. Ya pili ilituchukua wiki 5. Inayumba chini ya karatasi moja. Jiwe lililoko mikononi mwenu limetoka kwenye ya pili.

Kuna muji mmoja Ujerumani unaitwa Idar-Oberstein. Watu wake walikuwa wanachimba mawe ya akiki kwenye milima yao na kuyasaga kwa magurudumu yanayozungushwa na maji ya mto. Katika karne ya 19 mawe ya kwao yalipungua sana. Muji haukufa. Walileta mawe kutoka Brazil, wakaendelea kukata, na mpaka leo dunia inawatumia mawe. Shimo lilifungwa, mikono ikabaki. Geuzeni sasa muone kwetu: 1985 bei ilianguka, shimo liko, kasiterite iko, lakini ufundi ulikuwa ndani ya kichwa cha wachache, na walipoondoka waliondoka nao.

Jirani zetu wa Tanzania wako na tanzanite, iliyogunduliwa 1967 karibu na Mererani, jiwe ambalo halichimbwi mahali pengine. Miaka mingi sehemu kubwa ya mawe hayo ilienda kukatwa Jaipur, India. Mwaka 2018 walimaliza kujenga ukuta wa zaidi ya kilomita 24 kuzunguka machimbo. Ukuta unaweza kuzuia jiwe lisitoroke. Hauwezi kulikata. Ili jiwe libaki na kukatwa nyumbani, lazima nyumbani kuwe na mikono inayojua.

Tunataka tuwe wakweli kwenu. Kwatzi iliyokatwa vizuri inaweza kuuzwa dola chache tu. Haitajenga nyumba. Tunakata kwatzi kwa sababu kosa lake ni la bei ndogo, na mkono unajifunza hapo. Siku mtu atatuletea turmalini safi, hatutaki kujifunzia juu ya mali yake. Na hatupokei jiwe ambalo hatujui limetoka wapi. Sheria ya madini ya 2002, iliyobadilishwa 2018, inataka mchimbaji awe na karte na mnunuzi awe na karte. Mwenzetu wa sheria anaifuatilia. Mpaka hapo tunajifunza juu ya lundo.

Kwa hiyo tunaomba nini? Kwa wakubwa tunaomba mambo 2 tu. Kwanza, bei halali ya kila karte ibandikwe ukutani, mahali kila mtu ataisoma, ili kijana asiambiwe bei tofauti na kila mtu anayekutana naye. Pili, karakana za shule za ufundi ambazo zinafungwa saa nane mchana zifunguliwe jioni, hata mara moja kwa wiki. Mashine ya kukereza vyuma inayolala chini ya vumbi haimsaidii mtu.

Kwenu vijana tunaomba zaidi. Kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi chumba chetu kiko wazi. Leteni rulema iliyochoka, pinyo, mota ya feni, simu ya zamani. Dada zetu, msikae nje mkitazama: mkono mtulivu wa kusuka nywele ndio huu unaotakiwa kwenye jiwe. Hatulipishi. Sharti letu ni moja: kila mtu atakayejifunza atafundisha mwingine 1 kabla ya kutengeneza mashine yake. Michoro yote tutaiweka wazi, pamoja na makosa yetu yote. Hata yule wa 38.

Kama kesho mtu atakuja na makuta kununua mashine ya pili, pengine tutaiuza pia. Na kama yule aliyekohoa atashindwa kuendelea, mwingine ataketi kwenye kiti chake na maji yatadondoka vilevile. Hiyo ndiyo tunataka kuacha hapa.

Jiwe limefika wapi? Nani analo? Sawa, mama, lishike bado kidogo. Hakuna haraka.